Thamani ya Simba, Bei ya Maji

Amboseli ni mbuga ndogo. Ina kilomita za mraba 392 tu, chini ya Kilimanjaro kwa upande wa Kenya, na sehemu kubwa yake ni tambarare ya vumbi jeupe la ziwa ambalo kwa muda mwingi wa mwaka halina tone la maji. Kinachoibeba ni vinamasi. Mvua inayonyesha mlimani inazama kwenye miamba ya volkano, inasafiri chini kwa chini, kisha inaibuka kwenye chemchemi zinazolisha Longinye na Enkongo Narok. Kiangazi kikikaza, tembo, nyati, pundamilia na wote wanaowawinda hukusanyika hapo. Mvua ikirudi, wanyama wengi hutawanyika na kwenda zao nje ya mpaka, katika ardhi ya Wamaasai. Ng'ombe wa Wamaasai nao walikuwa na ratiba hiyohiyo: masika huko nje, kiangazi vinamasini.

Kwa hiyo ugomvi wa Amboseli tangu mwanzo ulikuwa wa maji. Mwaka 1948 eneo la kilomita za mraba 3,260 lilitangazwa kuwa hifadhi, lakini wafugaji wakaachwa humo. Mwaka 1961 likakabidhiwa kwa baraza la Kajiado, ambalo lilivuna viingilio vya watalii huku wafugaji wengi wakiambulia kutazama magari yakipita. Mwaka 1971 Rais Jomo Kenyatta akaamuru kitovu cha eneo hilo, palepale penye vinamasi, kitengwe kwa ajili ya wanyamapori, na mwaka 1974 kikawa hifadhi ya taifa. Wamaasai walikuwa wamekwisha kunusa yajayo. Baadhi yao walijibu kwa mikuki. Vifaru wakauawa, na si kila aliyemchoma kifaru alikuwa na haja na pembe.

Katikati ya vuta nikuvute hiyo likafanyika jambo ambalo serikali nyingi hazina mazoea nalo: kabla ya watu kuhamishwa, hesabu ilipigwa. Mwaka 1973 ripoti ya mipango ya maendeleo ya Amboseli ilitolewa kwa Benki ya Dunia, na walioiandika ni David Western, mwanaikolojia, na Philip Thresher, mchumi. Naileta habari yao hapa kwa sababu kila mwaka, iwe Arusha, Naivasha au Kasese, kuna ofisi inayotangaza zabuni ya utafiti wa kijamii na kiuchumi kwa ajili ya hifadhi fulani. Nyingi zinaelekea kulekule ilikoishia Amboseli, tena kwa haraka zaidi, na kwa watafiti wasioijua ardhi hata robo ya walivyoijua wale.

Maana Western hakuwa mgeni wa kufika kwa ndege asubuhi na kuondoka jioni. Alikuja Amboseli mwaka 1967 kwa utafiti wa shahada yake ya uzamivu, akakaa, akahesabu wanyama na mifugo, akazoeana na wazee. Ni yeye aliyeonyesha kwa takwimu kile walichokijua wazee kwa macho, kwamba wanyama wa Amboseli hawawezi kuishi ndani ya mbuga peke yake. Wakifungiwa humo masika na kiangazi, wataimaliza. Wanahitaji ranchi za vikundi zilizoizunguka, Olgulului, Kimana, Mbirikani, Eselenkei na nyinginezo, ambazo Wamaasai walikuwa wakimilikishwa kwa pamoja chini ya sheria ya mwaka 1968.

Kutokana na hilo ikaja hoja nzuri. Mbuga na ranchi zikiendeshwa kwa kuelewana, faida ya wote itazidi faida ya kila mmoja akiwa kivyake. Wamaasai wangeviachia vinamasi. Nao wangevutiwa maji ya bomba hadi nje ya mbuga, wangelipwa kila mwaka fidia ya malisho waliyoyaacha, wangepata mapato ya kambi za watalii na ada za uwindaji katika ranchi zao, na wangesogezewa huduma kama shule na zahanati. Ukiisoma leo unaona kabisa kwamba waandishi walitaka haki itendeke. Sijui mpango mwingine wa wakati ule, Afrika Mashariki nzima, uliomfikiria jirani wa mbuga kwa kina namna hiyo, na mimi nathubutu kusema hata mingi ya sasa haijaufikia.

Kilichosafiri mbali zaidi, hata hivyo, ni hesabu. Western na wenzake walikadiria kwamba hekta moja ya Amboseli huingiza dola 40 kwa mwaka, nyingi zikitoka kwenye utalii, ilhali kwa kilimo, hata ukiwa na matumaini makubwa kiasi gani, haizidi senti 80. Simba mmoja alikadiriwa kuwa na thamani ya dola 27,000 kwa mwaka kwa kuvutia wageni. Kundi la tembo, dola 610,000. Mwaka 1981 Thresher akachapisha katika jarida la misitu la FAO hesabu iliyokuja kunukuliwa kila pembe ya dunia: simba dume mwenye manyoya ya shingo, akiachwa atazamwe na watalii, huiletea nchi dola 515,000 za kigeni katika maisha yake. Mwindaji akimlipia ni dola 8,500. Ngozi yake sokoni ni kati ya dola 960 na 1,325.

Namna ya kuipata hesabu ya aina hiyo haina uchawi. Unachukua pesa wanazotumia wageni, unawauliza wamekuja kuona nini au unapima muda wanaoutumia mbele ya kila mnyama, unazigawa pesa kwa mujibu wa majibu, kisha unagawa tena kwa idadi ya wanyama waliopo. Mtafiti Wesley Henry aliifanya sehemu ya kazi hiyo kwa subira kubwa miaka ya 1970, akifuatilia magari ya Amboseli yanakwenda wapi na yanasimama mbele ya nini. Alichokikuta kisingemshangaza dereva yeyote wa watalii: simba na duma ndio wanaokusanya magari, na wageni wengi huzungukia kipande kidogo tu cha mbuga huku kwingine kukiwa kimya. Lakini kusimulia ni kitu kimoja na kupima ni kingine. Kipimo ndicho kinachomwezesha mhifadhi kuamua barabara ipite wapi na gari lizuiwe wapi lisiingie nyikani.

Wala tusizibeze hesabu hizo. Zilibadilisha lugha ya mawaziri. Wanyamapori, ambao watu wengi waliwaona kama mapenzi ya Wazungu, wakaanza kuhesabiwa kama kahawa na chai. Mwaka 1989 mchumi Gardner Brown pamoja na Henry walikadiria kwamba kuwatazama tembo peke yake kunaiingizia Kenya dola milioni 25 kwa mwaka. Huo ndio mwaka ambao Rais Daniel arap Moi alichoma tani 12 za pembe za ndovu mjini Nairobi, na ndio mwaka ambao mataifa yalikubaliana kuipiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe hizo. Penye watu wasioguswa na huruma, dola zilisikilizwa.

Turudi kwenye bomba.

Mwaka 1977 maji yalifika nje ya mbuga, fidia ikaanza kulipwa, na Wamaasai wakatoka vinamasini kama walivyokubaliana. Walitimiza sehemu yao. Tatizo ni kwamba kati ya ripoti na utekelezaji ilikuwa imepita miaka minne, na katika miaka hiyo nchi ilikuwa imegeuka chini ya miguu ya mpango. Ripoti ilipoandikwa, hifadhi za taifa za Kenya zilikuwa na bodi yake ya wadhamini na mfuko wake. Mwaka 1976 zikaunganishwa na idara ya wanyama kuwa idara moja ya serikali, na viingilio vikaanza kuingia Hazina pamoja na kodi nyingine zote. Kuanzia hapo mlipaji wa fidia hakuwa tena yule anayepokea pesa langoni. Alikuwa ofisa anayeandika maombi Nairobi na kusubiri kasma itolewe, akishindana na barabara, hospitali na jeshi. Kisha, Mei 1977, uwindaji wa kitalii ukapigwa marufuku nchi nzima. Sababu za marufuku hiyo zilikuwa na uzito wake, ujangili ukiwa umeshamiri, lakini kwa wenye ranchi maana yake ilikuwa moja: pato mojawapo waliloahidiwa limefutwa kabla hawajalizoea.

Fidia ililipwa miaka michache, ikaanza kuchelewa, kisha ikawa ya kubahatisha. Mitambo ya maji ikaanza kuzimika, matengenezo yakasuasua. Hapa ningependa msomaji asiupite mstari huu haraka, kwa sababu ndipo kiini cha habari kilipo. Mfugaji wa Olgulului haishi na mpango wa maendeleo. Anaishi na birika la zege lililo mwisho wa bomba. Asubuhi anafika na ng'ombe ambao hawajanywa tangu juzi. Birika ni kavu. Akinyanyua macho anauona ukanda wa kijani wa kinamasi, na tembo wamesimama ndani maji yakiwafika tumboni. Huyo hahitaji mwanasheria amweleze kwamba makubaliano yamevunjika, wala nani aliyeyavunja kwanza. Mapema miaka ya 1980 mifugo ilikuwa imerudi vinamasini, na ukame wa mwaka 1984 ulipokuja hapakuwa na wa kumwambia mtu kitu.

Na simba? Mapema miaka ya 1990, miaka kama kumi hivi baada ya Thresher kuchapisha hesabu yake, simba wa Amboseli waliuawa kwa mikuki na kwa sumu hadi karibu wote wakaisha. Simba walewale. Mnyama aliyekuwa na thamani ya zaidi ya nusu milioni ya dola kwenye karatasi aliuawa na watu ambao kwao alikuwa hasara tupu, na kila upande ulikuwa umepiga hesabu yake sawasawa.

Wapo wanaolisoma tukio hilo na kusema uchumi umeshindwa, turudi kwenye ulinzi na bunduki. Sikubaliani nao. Jedwali la Thresher lilijibu vizuri swali aliloliuliza: simba anaiingizia nchi kiasi gani? Nchi, kwa maana ya ndege, hoteli, kampuni za safari, Hazina. Swali la nani anazipokea pesa hizo, zinampitia nani, na zitaendelea hadi lini, lilihitaji utafiti mwingine, wa taasisi na siasa, wa tabia ya Hazina. Mpango ulitaja kile ambacho Wamaasai wangepewa. Haukuwaachia njia ya kumdai mlipaji siku atakapoacha kulipa.

Hata ule wastani wa dola 40 kwa hekta unastahili kutazamwa mara mbili. Hekta 39,200 ukizizidisha kwa 40 unapata zaidi ya dola milioni 1.5, ukizizidisha kwa senti 80 hupati hata dola 32,000. Ushindi wa wazi. Lakini wastani huo unaichukulia hekta ya vumbi na hekta ya kinamasi kuwa ndugu wa tumbo moja. Mfugaji hakuwa akigombania hekta 39,200. Alikuwa akigombania zile chache zenye maji Septemba, ambazo bila hizo maelfu ya hekta zake za nje hazina kazi kiangazi. Thamani ya kinamasi kwake ni thamani ya kundi zima la ng'ombe, na hiyo haionekani popote ukigawa kwa hekta. Vilevile kilimo hakikubaki kilimo cha kubahatisha mvua. Huko Kimana na Namelok watu walianza kumwagilia nyanya na vitunguu kwa maji ya chemchemi, na miaka ya karibuni limezuka hata shamba la parachichi la ekari kama 180, lililozua mvutano mpaka mamlaka ya mazingira ikaifuta leseni yake. Mwenye kiwanja chenye maji hafikirii senti 80.

Sasa chukua hadidu za rejea zozote za utafiti wa kijamii na kiuchumi kwa ajili ya hifadhi, za leo. Nyingi zinafanana kana kwamba zimepigwa chapa: kubainisha shughuli za kiuchumi za kaya, kutathmini mtazamo wa jamii kuhusu uhifadhi, kukadiria mchango wa utalii, kutoa mapendekezo. Hakuna palipoandikwa ni uamuzi gani utakaofanywa kwa kutumia majibu hayo, wala nani ataufanya, wala lini. Mshauri mwelekezi mwenye uzoefu akiona hivyo anajua kwamba mteja anataka kitabu, naye kitabu ataleta. Laiti hadidu zingesema, "Mwakani tunaamua kama mifugo iruhusiwe mtoni kuanzia Agosti hadi Oktoba, tuleteeni kinachohitajika kuamua hilo," kazi ingekuwa nusu ya ukubwa na mara mbili ya faida.

Kile kipengele cha mtazamo wa jamii kingeweza kufutwa kabisa bila hasara. Gari lenye nembo ya hifadhi linasimama nje ya boma, anashuka kijana mwenye kishikwambi, anauliza kama wanyamapori wana umuhimu. Nani atasema hawana? Asilimia zinazotoka hapo zinapendeza sana kwenye jalada la ripoti.

Kuna na suala la kalenda, ambalo watu wa manunuzi hawalioni kuwa la kitaalamu hata kidogo. Mwaka wa fedha wa serikali, Kenya na Tanzania, unaisha Juni 30. Bajeti inapita, zabuni inatangazwa, rufaa zinasikilizwa, mkataba unatiwa saini Februari au Machi, na pesa isipotumika kabla ya Juni inarudi Hazina. Kwa hiyo wadodosaji wanaingia vijijini Aprili na Mei, masika ikiwa imekolea. Malisho yapo kila mahali, wanyama wametawanyika, mito imejaa, watalii ni wachache, barabara za kwenda kwenye maboma ya mbali hazipitiki. Ugomvi wa kiangazi unatafitiwa kwenye matope. Ripoti inatoka ikisema migongano kati ya mifugo na wanyamapori ni ya wastani, na kwa mwezi ule ni kweli. Dawa ipo wala haihitaji sheria mpya: mkataba uvuke mwaka wa fedha, malipo yagawanywe kwa awamu, na awamu moja iangukie Septemba.

Na huko bomani, dodoso linaanza.

"Mzee, una ng'ombe wangapi?"

"Ng'ombe wapo, kijana wangu."

"Kama wangapi hivi?"

"Mungu ametupa kidogo."

Kijana ana maboma mengi ya kumaliza kabla ya jua kuzama, na kisanduku cha kishikwambi hakikubali neno kidogo, kinataka tarakimu. Anaandika 20. Kwa wafugaji wengi kutaja hesabu ya mifugo mbele ya mgeni ni mwiko na ni ujinga pia, maana mgeni huenda akawa mtu wa kodi, au mtu wa kupunguza mifugo, na wazee wameshawahi kuwaona wa aina zote mbili. Ile 20 ya kubuni itakwenda Nairobi au Dar es Salaam, itaingizwa kwenye jedwali, itatolewa wastani wenye nafasi mbili za desimali, na hakuna atakayeihoji tena.

Hatua chache kutoka hapo, mama wa boma anaosha kibuyu cha maziwa. Haulizwi kitu, kwa sababu dodoso linamtaka mkuu wa kaya. Lakini kwa Wamaasai maziwa ni ya mwanamke: yeye ndiye anayekamua, anayegawa, anayeuza ziada, na anayejua ni wiki gani ng'ombe walikwenda mbali kutafuta maji watoto wakakosa maziwa. Ukitaka kujua mpaka wa mbuga unaigharimu nyumba kiasi gani, mwulize yeye maziwa yalipungua lini. Muulize na kijana anayelala karibu na zizi ni nani anayekuja usiku. Mara nyingi atakutajia fisi kabla ya simba. Fisi hakusanyi magari ya watalii wala hachapishwi kwenye kipeperushi cha hoteli, ila mbuzi anaokula ni mbuzi wa kweli, na hasira ya usiku ule hubebwa na simba atakayeonekana kesho.

Walioanza kuuliza maswali ya namna hiyo walipata majibu tofauti na ya 1973. Tangu 2003 Mbirikani ina mfuko unaomlipa mfugaji sehemu ya thamani ya mnyama wake aliyeliwa, kwa masharti, moja likiwa kwamba simba akiuawa kwa kisasi wanajamii wanakatwa. Tangu 2007 morani wamekuwa wakiajiriwa kufuatilia nyayo za simba, kuwapa majina, na kuwaonya wachungaji waelekeze mifugo kwingine. Simba wakaongezeka tena katika ranchi zile. Si miujiza, na hakuna aliyedai ni miujiza. Mei 2023, baada ya ukame mrefu, Loonkiito, simba dume wa miaka 19, mmoja wa simba wazee kabisa waliojulikana porini, alichomwa mikuki usiku baada ya kuingia zizini karibu na Amboseli. Katika muda wa kama wiki moja simba kumi waliuawa eneo hilo, sita kati yao kwa siku moja, Mbirikani.

Langoni mwa mbuga nako dodoso lina upofu wake. Fomu huwa ya Kiingereza, hupewa mgeni anayeondoka akiwa na haraka ya ndege, na humwuliza ametumia kiasi gani. Anajibu bei ya kifurushi aliyoilipa nje ya nchi, ambayo sehemu yake haikuwahi kuvuka bahari. Basi la shule kutoka Kajiado au Moshi linapita bila kuulizwa kwa sababu watoto hawana matumizi. Dereva wa watalii hahesabiwi kuwa mgeni wala mwenyeji, ilhali yeye ndiye anayejua magari mangapi yalimzunguka duma jana, nani alimwita nani kwa redio, na bahshishi hupungua kiasi gani mgeni asipoona paka mkubwa. Henry aliyatazama magari. Wengi waliomfuata wanatazama fomu.

Halafu data. Mkataba usiposema ni za nani, kampuni inaondoka nazo, na baada ya miaka michache kampuni nyingine inakuja na maswali yaleyale kwa wazee walewale. Vibali vya utafiti vipo, NACOSTI kwa Kenya, COSTECH na TAWIRI kwa Tanzania, lakini kibali hakimlazimishi mtu kulinganisha majibu ya leo na ya miaka kumi iliyopita. Mbuga inayotaka kujifunza ingenunua maswali machache yanayorudiwa kila baada ya miaka kadhaa, mahali palepale na kiangazi kilekile, kuliko utafiti mkubwa mmoja unaoanza upya kila mfadhili anapobadilika. Kazi hiyo haina mvuto. Haizinduliwi na waziri.

Kuhusu ahadi, Amboseli ilitoa funzo la pili ambalo halikusikilizwa. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya lilipoanza chini ya Richard Leakey, majirani wa mbuga waliahidiwa asilimia 25 ya viingilio. Ahadi ilikuwa kubwa kuliko mfuko, na ikabidi irudishwe nyuma kuwa miradi. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 nayo iliandika fidia kwa wanaouawa na kujeruhiwa na wanyama, na kwa mifugo na mazao yanayoharibiwa, na malimbikizo ya madai yasiyolipwa yamekuwa wimbo wa kila mwaka bungeni. Mtafiti anayependekeza fidia siku hizi angepaswa kulazimishwa na mkataba wake kuandika kando ya pendekezo: kasma gani, afisa mwenye cheo gani, na nini kitatokea mwezi wa tatu asipolipa. Apimwe kwa hilo kabla ya kupimwa kwa idadi ya kaya alizohoji.

Mazungumzo ya bei yanapofika, mteja husema gharama ziko juu na mshauri anatafuta pa kukata. Cha kwanza kukatwa ni mkutano wa mrejesho kijijini: mahema, usafiri wa wazee, mkalimani wa Kimaa, chakula. Nyaraka zinabaki, zikiwa na kurasa mia na zaidi za Kiingereza, na muhtasari wa Kiswahili wa kurasa mbili kama kuna mtu atakumbuka kuutaka. Ikatwe sehemu ya nadharia. Mkutano ubaki, na awamu ya mwisho ya malipo isitoke mpaka matokeo yasomwe mbele ya waliohojiwa, wanawake wakiwa wamekaa mbele na si nyuma ya gari, na mhifadhi mkuu wa mbuga akiwepo mwenyewe. Asimtume msaidizi. Mzee wa kwanza kusimama hatauliza lolote kuhusu mbinu za utafiti. Atataka kujua ng'ombe wake aliyeliwa mwaka juzi analipwa lini, na mshauri hana jibu hilo.